Sarafu za dhahabu za mataifa: mtu anunue uzito au anunue uadimu?

Mweka Akiba

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma habari za sarafu za dhahabu zinazotolewa na mataifa, kama vile Krugerrand ya Afrika Kusini, Maple Leaf ya Kanada, American Eagle ya Marekani, Britannia ya Uingereza, Vienna Philharmonic ya Austria na Panda ya China. Kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba wanaozizungumzia wamegawanyika makundi mawili yasiyosikilizana. Kundi la kwanza linasema kuwa sarafu hizi ni dhahabu tu iliyopigwa chapa, kwa hiyo mtu anunue ile inayouzwa kwa bei iliyo karibu zaidi na bei ya dhahabu yenyewe. Kundi la pili linasifu miaka adimu, picha zinazobadilika na sarafu zilizong'arishwa kwa ustadi zikafungiwa katika makasha yenye vyeti, na linadai kuwa faida ya kweli imo humo.

Nina akiba ambayo sitaihitaji kwa miaka mingi, na nia yangu ni kuweka sehemu yake, wala si yote, katika dhahabu ninayoweza kuishika mkononi. Wakati huohuo, sarafu hizi zinanivutia kwa uzuri na kwa historia yake. Naomba mnifafanulie: je, nia hizo mbili zinaweza kukaa pamoja? Je, sarafu ya karati 22 ina upungufu wowote mbele ya ile ya karati 24? Ni afadhali kununua sarafu moja ya wakia nzima au ndogondogo kumi? Na mtu asiye na maabara atajuaje kwamba alichouziwa ni dhahabu?

Mhifadhi

Ndugu Mweka Akiba, nitaanza na karati, yaani kipimo cha usafi wa dhahabu (24 ni dhahabu tupu, 22 ni sehemu 22 za dhahabu katika 24), kwa sababu ndipo wanunuzi wapya wanapochanganyikiwa zaidi. Krugerrand, ambayo ni ya karati 22, ina uzito wa gramu 33.93, na ndani yake mna dhahabu safi gramu 31.1035, yaani wakia moja kamili ya troi. Kiasi kinachobaki ni shaba, nayo ndiyo inayoipa sarafu hiyo wekundu wake. American Eagle ina uzito huohuo na dhahabu hiyohiyo, ila imechanganywa na shaba pamoja na fedha kidogo, ndiyo maana rangi yake ni ya manjano zaidi. Maple Leaf ya leo ni dhahabu ya sehemu 9999 katika 10,000, na uzito wake wote ni ile wakia moja tu. Kwa hiyo mwenye Krugerrand hajapunjwa hata chembe: dhahabu ni ileile, na shaba imeongezwa juu yake ili sarafu iwe ngumu, isikwaruzike wala kupata vishimo kwa urahisi. Karati 24 ni laini, na anayeishika bila uangalifu ataona alama za mikono yake mapema. Naongeza tahadhari moja: wakia ya troi ni gramu 31.1, ilhali wakia ya kawaida inayopimia bidhaa nyingine ni gramu 28.35, na wapo wauzaji wanaonufaika na kutojua huko.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha swali lako. Sarafu ya kuwekeza hutambulika kwa uhusiano wa bei yake na dhahabu iliyomo. Umoja wa Ulaya, ulipoamua sarafu zipi zisitozwe kodi ya ongezeko la thamani kama dhahabu ya uwekezaji, uliweka masharti yanayofaa kukumbukwa hata na mtu anayeishi mbali na Ulaya: iwe na usafi usiopungua 900 katika 1,000, iwe imetengenezwa baada ya mwaka 1800, iwe ni fedha halali au iliwahi kuwa fedha halali katika nchi ilikotoka, na kwa kawaida isiuzwe kwa bei inayozidi thamani ya dhahabu yake kwa zaidi ya asilimia 80. Sharti hilo la mwisho ni pana mno kwa mtu kama wewe. Mwekezaji anayelipa hata asilimia 20 juu ya thamani ya dhahabu anapaswa kusimama na kujiuliza ananunua nini.

Usitishwe na thamani iliyoandikwa juu ya sarafu. Maple Leaf na American Eagle za wakia moja zimeandikwa dola 50, Britannia pauni 100, na Krugerrand haikuandikwa thamani yoyote ingawa ni fedha halali kisheria. Maandishi hayo yanaonyesha kwamba serikali imesimama nyuma ya uzito na usafi wa sarafu hiyo, na kwamba anayeighushi anaghushi fedha ya nchi. Hayaonyeshi bei yake.

Kinachoamua hatima ya mwekezaji ni tofauti kati ya bei anayonunulia na bei anayoweza kuuzia. Tuchukulie umenunua sarafu ya wakia moja kwa asilimia 4 juu ya bei ya soko ya dhahabu, na siku ya kuuza muuzaji yuleyule anakupa asilimia 2 chini ya bei ya soko. Dhahabu italazimika kupanda kwa zaidi ya asilimia 6 ndipo urudishe ulichotoa, kabla hujahesabu gharama za kuituma, kuitunza na kuikatia bima. Kwa sarafu ya sehemu ya kumi ya wakia hesabu ni nzito zaidi, kwani kazi ya kuipiga chapa sarafu ndogo haipungui sana kuliko ya kuipiga kubwa, na gharama hiyo inabebwa na dhahabu kidogo. Ndiyo maana kumi ndogo hugharimu zaidi ya moja kubwa, na mara nyingi nyongeza hiyo hairudi yote wakati wa kuuza. Mimi ningenunua za wakia nzima, na pengine chache za nusu au robo kwa ajili ya siku ambayo utahitaji kuuza sehemu tu ya ulicho nacho. Hoja ya watu wanaokusanya ndogondogo kwa kutarajia kwamba siku moja watanunulia mahitaji ya nyumbani kwa dhahabu sijawahi kuiona ikisimama: anayepokea naye atataka kuihakiki, na uhakiki huo una gharama.

Kama ukilazimika kuchagua sarafu moja, chagua ile inayojulikana na wanunuzi wengi mahali utakapouzia. Kujulikana ndiko kunakoifanya sarafu iuzike bila maswali mengi.

Msomaji wa Historia

Namuunga mkono Mhifadhi, ila ningependa kuongeza kwamba kujulikana kwa sarafu kunaweza kutikiswa na siasa, na historia ya Krugerrand inalionyesha jambo hilo vizuri kuliko nyingine yoyote.

Afrika Kusini ilianza kuitoa mwaka 1967 ili kuitafutia dhahabu ya migodi yake soko miongoni mwa watu wa kawaida duniani. Ilikuwa ndiyo sarafu ya kwanza ya zama hizi kubeba wakia moja kamili ya dhahabu, na hilo lilimrahisishia mnunuzi hesabu: akijua bei ya wakia, amejua thamani ya sarafu. Kwa miaka zaidi ya kumi ilitawala soko karibu peke yake. Kisha serikali nyingi zikaikataa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na mwaka 1985 Marekani ikapiga marufuku kuiingiza nchini humo. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1991. Pengo hilo halikukaa wazi. Kanada ilikuwa tayari na Maple Leaf tangu 1979, China ilianza Panda mwaka 1982, Marekani ikaleta American Eagle mwaka 1986, Uingereza ikafuata na Britannia mwaka 1987, na Austria na Philharmonic mwaka 1989. Kwa kiasi kikubwa, wingi wa sarafu tunazochagua leo umetokana na uamuzi wa dunia wa kutonunua dhahabu ya utawala ule, nami naona ni haki kwa mnunuzi wa leo kulifahamu jambo hilo.

Tazama basi kilichomfika mtu aliyekuwa na Krugerrand wakati ule. Dhahabu yake haikupungua, lakini baadhi ya milango ya kuuzia ilisitasita kumfungukia. Ndiyo maana mimi singeweka akiba yote katika sarafu ya taifa moja.

Kuna historia nyingine ambayo wauzaji huipotosha. Mwaka 1933 Rais Franklin Roosevelt aliwaamuru Wamarekani kukabidhi dhahabu yao kwa bei ya dola 20.67 kwa wakia, na mwaka uliofuata bei rasmi ikapandishwa hadi dola 35. Amri ile iliacha nje kiasi kidogo cha sarafu kwa kila mtu, pamoja na sarafu zilizotambuliwa kuwa na thamani ya pekee kwa wakusanyaji wa sarafu adimu. Haki ya raia wa Marekani kumiliki dhahabu bila vikwazo hivyo ilirejea tarehe 31 Desemba 1974. Wapo wauzaji wanaoichukua ile ruhusa ya wakusanyaji na kuigeuza hoja: nunua sarafu zetu za bei kubwa, serikali haitazigusa. Ruhusa iliyotolewa na amri moja ya nchi moja mwaka 1933 haimlindi mtu mwingine popote leo, na anayelipia nyongeza kubwa kwa sababu hiyo anauziwa hofu.

Fundi Sonara

Nitajibu swali la uhakiki peke yake, kwa kuwa ndilo ninalolijua kwa kazi.

Dhahabu ina sifa moja inayomchosha mghushi: ni nzito kupita kiasi kwa ukubwa wake. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina uzito wa gramu 19.3, wakati shaba haifiki gramu 9 na risasi ni gramu 11.3. Anayeghushi kwa metali nyepesi analazimika kuchagua: ama sarafu yake iwe na ukubwa sahihi na uzito pungufu, ama iwe na uzito sahihi na unene au upana uliozidi. Kwa hiyo mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, pamoja na kalipa ya kupimia kipenyo na unene, vinakamata bandia nyingi kabla hujahitaji chombo kingine. Krugerrand ina kipenyo cha takriban milimita 32.7 na unene wa takriban 2.8, Maple Leaf ni milimita 30 kwa unene unaokaribia huohuo, Philharmonic ni pana na nyembamba, milimita 37 kwa 2. Vipimo hivi hutangazwa na viwanda vyenyewe, na ni vyema uwe navyo kabla ya kukutana na muuzaji.

Kipimo cha pili ni cha maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba mpaka izame yote bila kugusa chini wala ukingo. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Maple Leaf ya wakia moja itasoma karibu gramu 1.61, na jibu litakuwa karibu 19.3, Krugerrand itasoma karibu gramu 1.94, na jibu litakuwa karibu 17.5 kwa sababu ya shaba iliyomo. Hakikisha hakuna viputo vya hewa vilivyoshika uso wa sarafu, maana kiputo kidogo tu hubadilisha jibu.

Adui wa vipimo hivi ni tangisteni, metali ambayo uzito wake kwa ujazo ni gramu 19.25, karibu sawa kabisa na dhahabu safi. Kipande cha tangisteni kilichofunikwa kwa dhahabu kitapita mizani, kalipa na maji. Sumaku nayo haitakusaidia hapo: itamfichua mghushi aliyetumia chuma, lakini tangisteni haivutwi kwa nguvu unayoweza kuihisi mkononi. Hata mashine ya eksirei inayosoma aina za metali huona tabaka la juu tu, kwa hiyo dhahabu nene ya kufunikia inaweza kuidanganya. Hapo ndipo unapohitaji kifaa kinachopima jinsi umeme unavyopita ndani ya metali, au kinachotuma mawimbi ya sauti kupenya sarafu, kwani tangisteni na dhahabu hutofautiana sana katika mambo hayo. Mfanyabiashara makini wa sarafu huwa na kimojawapo, na hana sababu ya kukukatalia ukimwomba apime mbele yako.

Viwanda navyo havikulala. Maple Leaf za miaka ya karibuni zina jani dogo lililochongwa kwa leza na mistari myembamba inayotawanyika kutoka katikati, na Britannia tangu 2021 ina picha inayobadilika kutoka kufuli kuwa mkuki wa ncha tatu unapoigeuza kwenye mwanga. Hizo ni rahisi kuhakiki kwa kioo cha kukuzia. Kwa sarafu za zamani zaidi, nunua kwa mtu ambaye utaweza kumrudia.

Na kamwe usikwangue sarafu wala kuitia asidi ili kuijaribu. Kito kilichovunjika naweza kukiunga. Sarafu iliyokwanguliwa sina la kuifanyia.

Mpenda Panda

Naona upande wa wakusanyaji haujasemewa, nami nitausemea kwa moyo wote.

Panda ya China hubadilisha picha karibu kila mwaka. Ni mara moja tu, mwaka 2002, picha ya mwaka uliotangulia iliporudiwa, na wakusanyaji waliposikitika mabadiliko yakarejea. Tangu 2016 imeacha wakia na kupimwa kwa gramu, ile kubwa ya kawaida ikiwa na gramu 30, kwa hiyo anayezipanga kwa miaka anaona mbele yake historia ya uamuzi huo. Miaka ya mwanzo ilitengenezwa kwa idadi ndogo, na baadhi ya sarafu hizo leo huuzwa mbali juu ya thamani ya dhahabu yake. Mkusanyaji haangalii mizani tu: anaangalia idadi iliyotolewa, hali ya uso, ukali wa michoro na kama kifungashio cha kiwanda hakijafunguliwa.

Namkubalia Mhifadhi kwamba nyongeza ya bei ni hatari, ila napinga dhana kwamba mkusanyaji ni mwekezaji aliyepotea njia. Mfano unaotajwa daima ni ile sarafu ya dola 20 ya Marekani ya mwaka 1933, iliyouzwa mwaka 2021 kwa karibu dola milioni 18.9, ilhali dhahabu yake haifiki hata wakia moja. Hakuna anayedai kwamba wewe nami tutaipata ya namna hiyo. Mfano huo unatufundisha sababu: zile zilizotengenezwa mwaka ule ziliyeyushwa karibu zote, na uadimu huo haukupangwa na idara ya mauzo. Uadimu unaotangazwa na kiwanda siku ya kwanza, kwa sanduku la mbao na cheti chenye namba, ni kitu kingine kabisa, kwa sababu kila aliyenunua ameitunza vilevile kama ulivyoitunza wewe, na baada ya miaka 30 zitakuwepo zote, zikiwa safi.

Kwa hiyo shauri langu ni hili: kusanya, lakini kusanya ulichokisomea. Chagua mfululizo mmoja, ujue idadi zake na bei zilizolipwa kweli katika minada, si bei zilizoandikwa na wauzaji.

Mhifadhi

Mpenda Panda, nimefurahi kusoma maneno yako, na sehemu kubwa tunakubaliana. Pale tunapotofautiana ni hapa: soko la uadimu lina wanunuzi wachache, na wanaweza kutoweka wote kwa pamoja wakati uchumi umebana, wakati ambao ndio hasa mwenye akiba anahitaji kuuza. Dhahabu kwa uzito hupata mnunuzi hata siku hiyo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba fedha za mkusanyo zitoke katika fungu la mtu la kujifurahisha na kujielimisha, zisitoke katika fungu la akiba.

Mweka Akiba

Nawashukuru sana, wakubwa zangu, kwa majibu haya. Nimeelewa kwamba nitenganishe mafungu mawili, na kwa fungu la akiba nielekee sarafu za wakia nzima kutoka mataifa mawili au matatu. Yamebaki maswali mawili. La kwanza ni la wakati: je, ninunue zote kwa mara moja? La pili ni la utunzaji: je, sanduku la benki linatosha?

Msomaji wa Historia

Kuhusu wakati, zingatia mwenendo wa bei. Januari 1980 dhahabu ilifika dola 850 kwa wakia. Mwaka 1999 ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 250, na kiwango kile cha 1980 hakikupitwa hadi Januari 2008. Aliyenunua kwenye kilele kile cha 1980 alisubiri miaka 28 bila riba, maana dhahabu haizai riba wala gawio, na katika miaka hiyo bei za vitu vingine zilikuwa zikipanda. Vilevile aliyenunua mwaka 2011 bei ilipokaribia dola 1,900 aliiona ikishuka hadi karibu dola 1,050 mwishoni mwa 2015, kabla haijavuka dola 2,000 mwaka 2020 na dola 4,000 mwaka 2025. Mimi naona kununua kidogokidogo kwa vipindi unavyojipangia kunampunguzia mtu hatari ya kuingia na akiba yake yote siku ya kilele, na usikurupuke kununua kwa sababu tu bei inazungumzwa kila mahali.

Mhifadhi

Kuhusu utunzaji, sanduku la benki ni pazuri, lakini soma mkataba wake. Mara nyingi bima inayolinda fedha zilizo katika akaunti haigusi vilivyomo ndani ya sanduku, na bima ya nyumba nayo huweka kikomo kidogo kwa sarafu na vito mpaka uombe nyongeza na ulipie. Pia tafuta kujua sheria ya kodi mahali unapoishi kabla ya kununua, kwa kuwa nchi hutofautiana sana. Mkazi wa Uingereza, kwa mfano, halipi kodi ya faida ya mtaji anapouza Britannia au Sovereign, sarafu nyingine ya dhahabu ya Uingereza, kwa kuwa ni fedha halali ya nchi hiyo, lakini akiuza Krugerrand faida yake inaweza kutozwa.

Sarafu zenyewe zishikwe kwa ukingo, zikae katika vikasha vya plastiki ngumu, na zisisuguliwe hata zikipata vidoa vyekundu vya shaba, ambavyo ni kawaida kwa baadhi ya sarafu na havipunguzi dhahabu iliyomo. Weka risiti na orodha ya jina, mwaka na uzito wa kila sarafu mahali tofauti na zilipo sarafu, na umjulishe mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini. Katika orodha hiyo, andika waziwazi zipi ni za akiba na zipi ni za mkusanyo, pamoja na bei uliyolipia kila moja. Warithi wasiojua huzimwaga zote juu ya mizani, na Panda adimu ya Mpenda Panda ikauzwa kwa gramu.